Deni lishike mali, lisishike mutu: historia ya madeni na sheria za kuyapunguza katika Uvira na pwani ya kaskazini ya ziwa Tanganika

Kila padri na kila mwalimu wa dini anayekaa katika pwani hii, tangu Kavimvira mpaka Kalundu na mbele, ameona jambo hili. Mukristu anafika jioni. Hakuja kuungama wala kuandikisha ndoa. Anatoa karatasi mufukoni, na karatasi ile ni ya deni. Alikopa dola 100 kwa kununua wavu na taa za kuvulia ndagala, akaahidi kurudisha dola 150 mwisho wa mwezi. Mwezi ule ndagala hazikupatikana. Mwisho wa mwezi wa pili anadaiwa 225, na mwisho wa mwezi wa tatu karibu 338. Ulizo lake ni moja tu: «Padri, watanitia buloko?»

Tumeandika kurasa hizi kwa kujibu ulizo lile. Jibu linapatikana katika kitabu cha sheria, lakini halifahamiki vizuri bila historia. Maana katika inchi yetu deni lilikuwa zamani kitu kilichoshika mwili wa mutu. Kwa muda wa miaka zaidi ya mia moja sheria zilijaribu, moja nyuma ya ingine, kulitoa deni mwilini mwa mutu na kuliweka juu ya mali yake. Kazi ile haijamalizika. Na mara nyingi inakawishwa na jambo moja: wenye deni hawajui sheria inayowalinda, nao wakopeshaji wanafurahi kwamba hawaijui.

1. Deni lililokamata watu

Burton na Speke, wasafiri wawili Waingereza, walifika Uvira mwezi wa Aprili 1858. Uvira ilikuwa kituo cha mwisho cha wachuruzi Waarabu na Waswahili upande wa kaskazini wa ziwa. Pale walinunua pembe na watumwa. Tukisoma habari ile haraka tunafikiri kwamba wachuruzi wale walikuwa matajiri wote. Kumbe wengi wao walikuwa wadeni. Nguo, ushanga na baruti walizobeba walizikopa Unguja kwa Wahindi wenye mali. Aliyejulikana sana kati ya Wahindi wale ni Taria Topan, aliyemukopesha Hamed bin Muhammed, yule tunayemwita Tippu Tip. Mwenye kukopa Unguja alimukopesha mwingine Tabora, yule naye akamukopesha mwingine Ujiji, na wa Ujiji akatuma watu wake Uvira. Hivi deni lilisafiri toka bahari mpaka ziwa, na kila mahali liliongezwa faida, kwa sababu safari ilikuwa ndefu na yenye hatari. Mwisho wa mulolongo ule palikuwa vijiji visivyo na feza. Pembe zilipopunguka, kilichobaki cha kuchukua ni watu. Wengine walinyakuliwa kwa vita, wengine walitolewa kwa deni.

Tusiwawekee wageni lawama yote. Desturi ya kumutoa mutu kuwa rehani ilikuwa ya zamani kuliko misafara. Katika makabila mengi ya Afrika ya katikati, ukoo wenye deni ambalo haukuweza kulilipa ulimutoa mutoto au binti akae kwa mwenye kudai. Kwa Walele wa Kasai, ambao Mary Douglas aliandika sana habari zao katika karne ya 20, deni la damu lilihesabiwa hivi, kwa watu. Lakini rehani hakuwa mutumwa kabisa. Alichunga jina la ukoo wake, alijulikana alikokaa, na ukoo uliweza kufikiri siku ya kumurudisha. Misafara iliharibu mupaka ule. Rehani aliyevushwa ngambo ya ziwa hakukombolewa tena, maana hakuna aliyejua alikouzwa. Hivi ndivyo deni dogo la nyumbani liligeuka utumwa wa milele: sababu si ukubwa wa deni, ni kwamba mwenye kudai aliweza kuliuza deni pamoja na mutu.

Mapadri Weupe walifika Rumonge mwaka 1879, Mulwewa mwaka 1880 na Kibanga mwaka 1883. Walikomboa watoto na watu wazima kwa kulipa bei yao. Lugha yetu imechunga ukumbusho wa kazi ile: neno moja, kukomboa, linasemwa juu ya mutumwa, juu ya rehani, na juu ya Bwana wetu. Lakini historia inatudai kusema kweli yote. Bei iliyolipwa iliingia mukononi mwa muuzaji, naye aliweza kurudi kesho na watu wengine. Huruma inamufungua mutu moja, nayo ni lazima. Lakini soko lenyewe halifungwi bila sheria na nguvu ya kuitimiza. Mapatano ya Brussels ya tarehe 2 Julai 1890 yaliunganisha serikali nyingi kwa kukomesha biashara ya watumwa, na mwaka 1894 nguvu ya Rumaliza, mukubwa wa Ujiji aliyeshika biashara ya kaskazini ya ziwa, ilivunjwa na vita.

2. Karatasi na kodi

Hata kabla ya vita vile kwisha, serikali ya Kongo ilikuwa imeandika sheria ya mapatano na madeni. Ni amri ya tarehe 30 Julai 1888. Ilitoka katika kitabu cha sheria cha Napoleon kwa njia ya Ubelgiji, na mpaka leo ndiyo mama ya madeni yote katika inchi yetu. Neno lake kubwa ni hili: mapatano yaliyofanywa kwa haki ni sheria kwa wale waliopatana. Neno zuri, maana linamulazimisha kila mutu kuchunga ahadi. Lakini lina hatari yake. Linawaza kwamba wenye kupatana ni watu wawili wenye nguvu sawa na wenye kusoma karatasi vilevile. Kati ya muchuruzi na muvuvi asiyejua kusoma, sawa ile haikuwako.

Tena serikali yenyewe ilileta deni jipya. Katika miaka ya 1910 Wabelgiji waliweka kodi ya feza juu ya kila mwanamume mwenye nguvu. Asiyelipa aliweza kufungwa. Wazee wetu walijifunza hivi fundisho baya: mutumwa wa deni haoneki tena sokoni, lakini deni linaweza bado kumukamata mutu kwa shingo. Mwaka 1926, kwa amri ya tarehe 15 Aprili, tribunali za wenyeji zilipata sheria yao, na madeni ya ng'ombe, ya mahari na ya shamba yakahukumiwa mbele ya machifu kwa desturi. Pale mashauri yalikuwa na faida moja: waamuzi walimujua mwenye deni, walijua kama amekataa kulipa ao ameshindwa. Tofauti ile kati ya kukataa na kushindwa ndiyo kiini cha sheria zote njema juu ya madeni.

Ngambo ya ziwa Waingereza walijaribu njia ingine. Katika Tanganyika sheria ya mwaka 1923 ilisema kwamba deni la mwenyeji kwa mutu asiye mwenyeji haliwezi kudaiwa mbele ya tribunali kama mukubwa wa serikali hakulikubali kwanza. Katika Unguja, bei ya karafuu ilipoanguka na mashamba mengi yakawa rehani, serikali ilitoa sheria mwaka 1934 kwa kuzuia mashamba yasichukuliwe kwa deni, na mwaka 1938 ikatoa ingine kwa kuyatengeneza madeni yenyewe. Sheria ya 1923 ilimulinda mwenyeji, lakini ilimuhesabu kama mutoto, tena ilimufungia mulango wa mukopo wa haki, maana ni muchuruzi gani anayekopesha bila tumaini la kudai? Tushike fundisho hili: sheria inayofuta haki yote ya mwenye kukopesha inamufukuza, na masikini anabaki na mukopeshaji wa usiku.

3. Amri ya tarehe 26 Agosti 1959

Miezi kumi mbele ya uhuru, serikali ya Kongo ilitoa amri fupi ambayo tungetaka kila mwalimu wa dini aijue. Ni amri ya tarehe 26 Agosti 1959 juu ya riba ya kupita kiasi. Iliingia katika vitabu viwili.

Katika kitabu cha makosa iliingia chini ya hesabu 96 bis. Pale inasemwa kwamba mukopeshaji anayetumia shida, uzaifu, tamaa ao ujinga wa mwenye deni kwa kumudai faida inayopita wazi faida ya kawaida, amefanya kosa, naye aweza kupewa kifungo na malipo. Katika kitabu cha mapatano iliingia chini ya hesabu 131 bis. Pale mwamuzi anapewa ruhusa, mwenye deni akimuomba, kupunguza deni mpaka kwenye feza iliyokopwa kweli pamoja na faida ya kawaida.

Tuangalie vizuri maneno yale. Kwanza, sheria haifuti deni. Muvuvi wetu aliyekopa dola 100 atarudisha dola 100. Pili, haikutaja hesabu ya faida ya kawaida. Inamuachia mwamuzi kupima. Tatu, mwamuzi hafanyi kitu kama mwenye deni hakuomba. Hapa ndipo sheria ile imelala usingizi muda wa miaka zaidi ya makumi sita: imeandikwa, lakini wenye kuihitaji hawakuisikia. Ni ajabu kidogo. Zamani mutu alikamatwa na deni kwa sababu sheria ya kumulinda haikuwako. Leo yuko nayo, na anakamatwa kwa kuwa haijui.

4. Miaka ambayo feza ilikufa

Lazima tufahamu vilevile ginsi mukopeshaji alivyogeuka mukali. Tarehe 25 Desemba 1979 serikali ya Mobutu ilitangaza kwamba noti za zaire 5 na zaire 10 hazina kazi tena. Wenye kuchunga feza nyumbani waliona mali yao imekuwa karatasi. Mwaka 1993 ilitoka zaire mupya, moja kwa milioni tatu za zamani. Mwaka 1998 ikatoka franka ya Kongo, moja kwa zaire mupya 100,000. Tukihesabu, franka moja ya 1998 ilisimama pahali pa zaire za zamani miliari 300.

Sheria yetu inasema kwamba aliyekopa feza anarudisha hesabu ileile ya feza iliyoandikwa. Basi, aliyekopesha katika miaka ile alirudishiwa mavumbi. Wengine walifurahi: madeni yao yalijifuta yenyewe. Lakini ulikuwa musamaha wa kuzimu, maana ulimunyanganya mujane akiba yake sawa na tajiri. Watu waliogopa kuweka feza yao kwa wengine. Mukopo wa muda murefu ulikufa. Kilichobaki ni mukopo wa mwezi moja, kwa dola, kwa faida kubwa, pamoja na rehani mukononi. Watu wanauita «Banque Lambert», kwa jina la benki moja ya zamani ya Ubelgiji, na faida yake inaweza kufika nusu ya feza kwa mwezi moja. Hatusemi hivi kwa kuisifu riba ile. Tunasema kwa kuonyesha kwamba ilizaliwa na woga, na woga ule hauondoki kwa mahubiri peke yake. Unaondoka watu wakiona kwamba mukopo wa haki unarudishwa.

5. Milango iliyo wazi leo

Mutu anayezidiwa na deni katika Uvira leo anaweza kupiga hodi kwenye milango gani? Tunaihesabu kwa utaratibu.

Wa kwanza ni mapatano mapya. Mwenye deni na mwenye kudai wanaweza kuandika tena siku za kulipa na kupunguza faida. Yaandikwe, yatiwe mukono, na washuhuda wawepo. Maneno matupu yanasahauliwa na mutu mwenye faida ya kuyasahau.

Wa pili ni muda unaotolewa na mwamuzi. Inchi yetu iliingia katika shirika la sheria za biashara linaloitwa OHADA tarehe 12 Septemba 2012. Sheria ya OHADA ya tarehe 10 Aprili 1998 juu ya kudai madeni, iliyotengenezwa tena mwaka 2023, iliweka kanuni hii: mwamuzi, akipima hali ya mwenye deni na mahitaji ya mwenye kudai, aweza kukawisha malipo ao kuyagawanya, bila kupita mwaka moja. Deni la chakula cha watoto ao cha mwenzi halipewi muda ule. Ni haki: tumbo la mutoto haliwezi kungoja.

Wa tatu ni kupunguza riba kwa amri ya 1959, ginsi tulivyoeleza.

Wa ine ni musamaha wenyewe, maana mwenye kudai aweza kusamehe deni. Hapa sheria ya 1888 ina shauri la akili: mukopeshaji akimurudishia mwenye deni karatasi ya asili iliyotiwa mukono, kwa mapenzi yake mwenyewe, ni ushuhuda kwamba deni limekwisha. Basi tuwafundishe watu: ukimaliza kulipa, ama ukisamehewa, usiondoke bila karatasi ile. Na mwenye deni akisamehewa, muzamini wake naye anafunguliwa.

Wa tano ni sheria ya kufilisika. OHADA iliitengeneza tena tarehe 10 Septemba 2015, na sasa inawapokea hata fundi na mulimaji anayejitegemea katika kazi yake, si wachuruzi wakubwa peke yao. Lakini mwalimu wa shule na muuguzi, wanaokopa kwa mahari, kwa matanga ao kwa dawa, hawamo. Sheria ya kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inalinda sehemu kubwa ya mushahara wao isikamatwe, lakini njia ya kumaliza madeni yote pamoja na kuanza upya hawana. Ufaransa iliwapa watu wake njia ile kwa sheria ya tarehe 31 Desemba 1989, na Ubelgiji kwa sheria ya tarehe 5 Julai 1998. Tulirizi kitabu chao cha 1888. Dawa walizoongeza baadaye hazijatufikia. Wanasheria wakristu wa inchi yetu wana kazi pale.

Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020 muto Mulongwe uliipiga Uvira. Watu wengi walikufa, na nyumba zilichukuliwa na maji pamoja na mali iliyokuwamo. Kesho yake wengine waliuliza: deni la wavu uliochukuliwa na maji limekwisha? Sheria inajibu vikali. Aliyekopa feza anadaiwa feza, hata kama kitu alichonunua kimepotea. Wanasheria wa Kilatini wanasema genera non pereunt. Lakini musiba kama ule ndio hasa sababu ya kumuomba mwamuzi muda, na ya kumuomba mwenye kudai huruma.

Sasa turudi kwenye ulizo la muvuvi. Je, watamufunga? Zaire iliingia tarehe 1 Novemba 1976 katika Mapatano ya mataifa juu ya haki za raia, na hesabu 11 ya mapatano yale inakataza kumufunga mutu kwa sababu tu ameshindwa kutimiza ahadi ya mapatano. Na Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, hesabu 215, inayaweka mapatano ya namna ile juu ya sheria za kawaida. Basi jibu ni hapana: deni peke yake halimufungi mutu. Lakini aliyedanganya kwa kupata feza, ao aliyekula mali aliyoaminiwa kuichunga, amefanya kosa lingine, na kosa lile lina kifungo. Wadai wengine wanatumia jina la kosa lile kwa kumutisha mutu aliyeshindwa tu. Tumeona mutu aliyelala chini ya ulinzi kwa deni la mukopo, na jamaa yake wakauza mabati ya nyumba kwa kumutoa. Jina la desturi ile tunalijua tangu karne ya 19: ni rehani ya mwili.

6. Kazi yetu

Kanisa halikuanza leo kufikiri mambo haya. Torati ilikataza kushika rehani jiwe la kusagia, maana ni kushika uhai wa mutu. Wavu wa muvuvi wetu ni jiwe lake la kusagia. Mwaka 325 Mutaguso wa Nisea uliwakataza makleri kutoza riba. Lakini katazo halikuwapa masikini feza. Ndiyo maana wafransiskani wa Italia walisaidia kuanzisha nyumba za mukopo kwa masikini, kama ile ya Perugia mwaka 1462, na Mutaguso wa tano wa Laterano ulizikubali mwaka 1515, hata na malipo madogo ya kuendesha kazi.

Katika Kivu ya Kusini tunayo leo mifano ya namna ile. Watu wanajiunga katika mutuelle wanayoiita MUSO. Sanduku la kijani ni la kukopeshana. Sanduku jekundu ni la musaada kwa mwenye ugonjwa ao matanga, na musaada ule haurudishwi. Sanduku la buluu ni la feza inayotoka inje. Mwenye kuwaza vizuri ataona hekima ya masanduku yale: yanatenga mukopo na musaada. Deni nyingi zinazoua zilianza pale mutu alipokopa kwa riba kwa kumuzika mama yake. Mazishi hayaleti faida ya kulipia riba. Mutu yule alihitaji sanduku jekundu, lakini alikutana na Banque Lambert.

Basi mukristu akituletea karatasi yake, tufanye nini? Tusimwambie haraka «lipa», wala tusimwambie «usilipe». Tusome karatasi pamoja naye. Tutenge feza iliyokopwa na riba iliyoongezwa, tuandike hesabu mbili mbalimbali. Twende naye kwa mwenye kudai, ambaye mara nyingi ni muparokia wetu pia, na yeye naye ana roho ya kuokoa na watoto wa kulisha. Mapatano yakishindikana, tumuonyeshe njia ya tribunali, na tumufundishe neno la kuomba pale. Na mwenye kukataa kulipa, hali anaweza, tumwambie wazi kwamba anaiba.

Katika sala aliyotufundisha Bwana, neno la Kilatini tunalolisema kila siku ni debita, madeni. Tumezoea kulitamka mbele ya altare. Muvuvi wa Kalundu anangoja kuona ginsi tutakavyolitamka mbele ya karatasi yake.